Vituo vya Maji Vilivyoangukia Atlantiki

Anayelichukua jedwali la vituo vya kuchotea maji vya Tanzania Bara na kulimwaga juu ya ramani bila kulikagua hukutana na jambo la kushangaza. Nukta nyingi hutua mahali pake: zinasongamana kwenye miteremko ya Kilimanjaro, zinajaa nyanda za juu za Iringa na Njombe, zinapungua kuelekea Tabora. Lakini mbali magharibi, nje kabisa ya bara, katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea kusini mwa Ghana, kuna nukta moja inayokaa peke yake. Akiibofya, atagundua kwamba si moja. Ni vituo 1,812 vilivyorundikana pahali pamoja, vyote vya mikoa ya Shinyanga na Mwanza.

Sababu yake ni nyepesi. Longitudo ya vituo hivyo imeandikwa 0, latitudo inakaribia 0, na huko baharini ndiko mstari wa ikweta unakokutana na ule wa Greenwich. Vipimo vya mahali havikuwapo, pengo likajazwa sifuri, na kompyuta, ambayo haijui tofauti ya "hapa ni sifuri" na "hapa hatujui", ikavipeleka vituo vya Wasukuma Atlantiki.

Wengi wanaoanza kujifunza zana za kuchora data huria huiona picha kama hiyo kuwa aibu ya kufuta haraka. Ingefaa waitunze. Picha ya kwanza ya data yoyote ni ya mchoraji mwenyewe, wala si ya kuonyesha watu. Kazi yake ni kufichua yale ambayo jedwali lenye maelfu ya mistari limeyameza kimya kimya. Na katika data huria za Afrika Mashariki, kinachohitaji macho makali kuliko vyote ni sifuri na pengo. Kila mara swali ni lile lile: je, kitu hakipo, au hakikuandikwa?

Jedwali hilo linafaa kujifunzia kuliko mifano ya vitabuni, kwa sababu linahusu jambo ambalo kila kijiji kina habari zake. Lilitokana na data za mfumo wa Taarifa na Wizara ya Maji ya Tanzania, na linapatikana kwa taasisi ya Marekani iitwayo DrivenData, inayoendesha mashindano ya sayansi ya data. Sehemu ya kujifunzia ina mistari 59,400, kila mstari kituo kimoja. Safu zake zinataja mkoa, wilaya, kata, bonde la maji, mwaka wa ujenzi, aliyefadhili, aliyejenga, namna watu wanavyolipia, wingi na ubora wa maji. Hali ya kituo ni ya aina tatu: 32,259 vilikuwa vikifanya kazi, 22,824 vilikuwa vimekufa, na 4,317 vilikuwa vikitoa maji huku vikihitaji matengenezo. Karibu kumbukumbu zote zilichukuliwa kati ya 2011 na 2013, kwa hiyo hakuna anayepaswa kuzisoma kana kwamba ni habari za leo. Ni picha ya wakati wake, kama picha ya ukutani ya harusi ya mjomba.

Kabla ya kufungua programu yoyote, swali liandikwe kwenye karatasi, na liwe dogo. "Hali ya maji nchini ikoje?" si swali la kuanzia, litamzamisha mtu kwenye safu arobaini kisha atoke na chati asiyoweza kuitetea. "Katika wilaya yetu, ni vituo vingapi vilivyokufa, na vingi vyao viko kata gani?" hilo linashikika. Diwani anaweza kulibeba kwenye kikao, mtangazaji wa redio ya jamii anaweza kulitengenezea kipindi, mwalimu wa jiografia anaweza kuwapa wanafunzi wake wa kidato cha tatu. Tena, anayeuliza kuhusu mahali anapopajua ana kipimo ambacho hakuna programu inayokiuza: akiona bomba la zahanati limetua ng'ambo ya mto, anajua papo hapo kwamba kuna kosa.

Zana ya kwanza ni ya kawaida sana, lahajedwali. Excel inafaa; LibreOffice Calc inafaa vilevile na ni ya bure, na yote mawili hubeba mistari zaidi ya milioni moja. Faili la vituo ni la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, lenye uzito wa kama megabaiti 20, hivyo ni busara kulipakua mara moja penye Wi-Fi na kuacha bando la simu lipumue. Nakala ya asili iwekwe kando, isiguswe. Hali za vituo zimo katika faili la pili, na mafaili hayo mawili yanaunganishwa kwa namba ya utambulisho wa kila kituo. Fomula ya VLOOKUP inatosha kwa kazi hiyo, ingawa kwa mistari mingi hivi kompyuta ya zamani itahema kidogo.

Baada ya hapo ndipo hufika jaribio ambalo wengi hulikimbia: kuzitazama safu moja moja kabla ya kuzichanganya. Chukua mwaka wa ujenzi. Mtu akiomba wastani wa safu hiyo, atajibiwa mwaka 1300. Hizo ni zama ambazo Kilwa ilikuwa ikinawiri kwa dhahabu ya Sofala, karne nyingi kabla ya pampu ya mkono kufika bara. Wastani huo umetoka wapi? Vituo 20,709, zaidi ya theluthi moja ya jedwali zima, vimeandikiwa mwaka wa ujenzi 0. Vikichujwa, wastani wa vilivyobaki unapanda hadi karibu na 1997, na hapo namba inaanza kusema jambo la maana.

Safu ya idadi ya watu wanaotumia kituo inahitaji subira zaidi. Vituo 21,381 vina sifuri, na vingine 7,025 vina mtu mmoja tu. Zinazofuata kwa kujirudia ni 200, 150, 250 na 300. Watu hawahesabiki kwa namba za duara namna hiyo. Yaelekea ni makadirio ya macho. Hiyo si sababu ya kulitupa jedwali. Ni sababu ya kutogawanya kitu chochote kwa safu hiyo, na ya kumwonya anayetaka kuandika kwamba "watu kadhaa kwa kila bomba" wanahangaika. Mwaka una kasoro inayoonekana na kutengwa. Idadi ya watu ina kasoro iliyojificha ndani ya namba zinazopendeza, nayo ndiyo ya kuogopwa.

Jedwali la muhtasari, ambalo wengi hulijua kwa jina la pivoti, linamaliza nusu ya kazi iliyobaki. Mkoa ukiwekwa upande mmoja na hali ya kituo upande mwingine, majibu hutoka kwa sekunde. Hapo mwenye macho ataona kwamba mikoa ni 21 tu. Njombe, Geita, Katavi na Simiyu hazimo katika safu ya mkoa, kwa kuwa jedwali linafuata mipaka ya kabla ya 2012. Ndiyo maana Iringa inaonekana kuwa na vituo vingi kuliko mkoa mwingine wowote, ilhali sehemu kubwa yake sasa ni Njombe. Songwe nayo ingali ndani ya Mbeya, na Zanzibar haimo kabisa. Anayetaka kulinganisha na sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchi nzima, ashuke hadi wilaya na kuzipanga upya chini ya mikoa ya leo. Akilinganisha mkoa kwa mkoa, atakuwa amegawanya vituo vya Iringa ya zamani kwa watu wa Iringa mpya.

Safu za majina ndizo tamu zaidi, na ndizo chafu zaidi. Kituo kinapewa jina na wenyeji, na majina yanayojirudia yanachora kijiji chenyewe: Shuleni mara 1,748, Zahanati mara 830, Msikitini 535, Kanisani 323. Kisha kuna vituo 208 vilivyoandikwa School, ambavyo msomaji yeyote wa Kiswahili anajua vinaingia kapu moja na Shuleni, lakini kompyuta haijui. Katika safu ya aliyejenga, Hesawa, mradi wa maji na usafi wa Kanda ya Ziwa uliofadhiliwa na Sweden, unatokea mara 840 kwa herufi ndogo na mara 539 kwa herufi kubwa. DANIDA iko mara 1,050, na DANID, bila A ya mwisho, mara 552. Na kuna mjenzi aitwaye 0, mwenye vituo 777. Mtu akichora chati ya wajenzi bila kusafisha, Hesawa itagawanyika nguzo mbili fupi, na yule bwana Sifuri atapanda juu ya mashirika yaliyofanya kazi kweli.

Kwa usafi wa namna hii hakuna zana iliyotungwa vizuri kuliko OpenRefine. Ilizaliwa 2010 kwa jina la Freebase Gridworks, ikapita mikononi mwa Google, na tangu 2012 inatunzwa na jumuiya ya watumiaji wake, bila malipo. Inafunguka ndani ya kivinjari lakini inafanya kazi kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe, kwa hiyo data haziendi popote na intaneti haihitajiki baada ya kuisakinisha. Uwezo wake mkuu ni kukusanya maandishi yanayofanana. Njia yake ya kwanza hushusha herufi zote ziwe ndogo, huondoa alama za uakifishaji, hupanga maneno kwa alfabeti, kisha huuliza ni yapi yamekuwa sawa. Njia hiyo itaziunganisha Hesawa mbili mara moja. DANIDA na DANID haitaziona. Kwa hizo inabidi kuchagua njia ya pili, inayohesabu ni herufi ngapi zinatofautiana. School na Shuleni haitaziunganisha kwa njia yoyote. Hapo anahitajika mtu anayejua lugha, na ndiyo sababu kazi hii haifai kuachiwa watu wa mbali tu.

OpenRefine haiunganishi bila kuuliza, na swali lake lijibiwe kwa makini. Kufanana si kuwa sawa: vifupisho viwili vyaweza kutofautiana herufi moja na vikawa mashirika mawili. Kila hatua huhifadhiwa katika orodha ambayo mtu anaweza kuirudia nyuma, au kuihamishia kwenye faili jingine. Orodha hiyo itunzwe pamoja na matokeo, maana siku diwani atakapouliza "umezipata wapi hizi?", ndiyo jibu.

Sasa ramani. QGIS, iliyoanzishwa 2002, ni ya bure na hutumiwa na wapimaji, mashirika na vyuo vikuu. Sura yake hutisha mwanzoni kwa wingi wa vitufe, lakini anayetaka kuweka nukta anahitaji vitatu au vinne tu: kuingiza faili la CSV, kutaja safu ya longitudo na ile ya latitudo, kuchagua mfumo wa vipimo EPSG:4326, na kuweka ramani ya chini. Kosa la kila anayeanza ni kubadilishana longitudo na latitudo. Akifanya hivyo, Dar es Salaam itahamia magharibi mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kuna kipimo cha haraka cha kukariri: Tanzania Bara iko kati ya nyuzi 29 na 41 mashariki, na kati ya nyuzi 1 na 12 kusini. Kituo chochote kilicho nje ya mraba huo kiwekwe pembeni kwa uchunguzi. Kisifutwe, kiwekwe pembeni.

Kuna kishawishi cha kuwapa vituo 1,812 vya Kanda ya Ziwa mahali pa kubuni, katikati ya wilaya zao, ili ramani ijae. Ni afadhali ramani yenye pengo lililotajwa. Anayeishi huko akiona eneo lake tupu na maelezo kwamba vipimo havikupatikana, anaweza kwenda kuvichukua. Akiona nukta za kubuni, hana la kufanya ila kutoiamini ramani nzima.

Jambo jingine la ramani ni heshima. Majina ya vituo vingi huanza na "Kwa" na kufuatiwa na jina la mwenye nyumba. Ramani ya wilaya haihitaji majina hayo ili isomeke, na kumtangaza mzee wa watu pamoja na vipimo vya mlango wake si jambo la kufanya kwa sababu tu faili liliruhusu. Safu hiyo iondolewe kabla ya kuchapisha.

Kwa chati za gazeti, ripoti au ukuta wa ofisi ya kata, Datawrapper ya Berlin inatosha wengi: jedwali hubandikwa, aina ya chati huchaguliwa, nayo huonekana vizuri hata kwenye simu. RAWGraphs ya Milano inafaa kwa maumbo yasiyo ya kawaida, bila kujisajili. Nguzo zianzie sifuri. Mikoa ipangwe kwa ukubwa wa asilimia, wala si kwa alfabeti. Rangi nyekundu na kijani zisiwekwe bega kwa bega, kwani wapo wasiozitofautisha. Bluu na chungwa zinatosha.

Ugumu wa kweli uko katika kusoma kilichochorwa. Katika jedwali hili, vituo ambavyo watumiaji wanalipia kwa mwaka vilikuwa vikifanya kazi kwa kiwango kikubwa kuliko vile visivyolipiwa kabisa. Ni chati rahisi kuchora na ni rahisi zaidi kuitolea hukumu: watu walipe, mabomba yatadumu. Lakini nani huchangia bomba lililokauka? Vituo 6,246 vimeandikwa kuwa vikavu, na karibu vyote viko kwenye kundi la vilivyokufa. Huenda malipo yanalinda pampu. Huenda pampu ikifa malipo hukoma. Huenda yote mawili. Jedwali lililopigwa picha mara moja haliwezi kuamua, na mwandishi mwaminifu huichapisha chati hiyo pamoja na swali hilo, kisha anakwenda kumuuliza mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji ni lini michango ilikoma.

Nje ya majedwali ya aina hii kuna bahari mbili za data huria ambazo Mswahili yeyote mwenye intaneti anaweza kuzivua. Moja ni Wikidata, iliyoanzishwa Oktoba 2012, ambayo huhifadhi maarifa kwa sentensi za sehemu tatu: kitu, sifa, thamani. Tanzania huko ni Q924, hospitali ni Q16917, sifa ya nchi ni P17. Sehemu yake ya maswali hutumia lugha ya SPARQL, na swali la hospitali za Tanzania ni fupi hivi:

SELECT ?hospitali ?mahali WHERE { ?hospitali wdt:P31/wdt:P279* wd:Q16917; wdt:P17 wd:Q924; wdt:P625 ?mahali. }

Majina yenye alama ya kuuliza ni ya mtu kujichagulia, hivyo Kiswahili kinakubalika bila shida. Kile kipande cha P279 chenye nyota hukusanya pia aina ndogo za hospitali, kama zile za kufundishia. Kikiachwa, nyingi hupotea. Jibu likirudi, linaweza kugeuzwa ramani kwa kubofya mara moja, bila kusakinisha chochote. Swali likizidi sekunde 60 hukatwa, na dawa yake ni kulipunguza eneo.

Ya pili ni OpenStreetMap, iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu huichuja kwa zana iitwayo Overpass turbo: achague eneo kwenye skrini, ataje aitakayo, iwe visima, shule au madaraja. Hapa swali la pengo linarudi kwa nguvu. Hadi 2009 mtaa wa Kibera, Nairobi, ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani za mtandaoni, ingawa unakaliwa na umati wa watu. Vijana wa Kibera walitoka na vifaa vya GPS wakauandika wenyewe katika mradi wa Map Kibera. Jijini Dar es Salaam, Ramani Huria ilianza 2015 kwa ajili ya mafuriko, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi kuchora mifereji, njia na nyumba za mitaa inayozama kila masika. Ramani inayoonyesha hospitali chache mkoa fulani kwa mujibu wa Wikidata inaweza kuwa inaonyesha uhaba wa wahariri wa mkoa huo. Njia ya kujua ni kuhesabu zile anazozijua mtu mwenyewe, halafu kuziongeza zinazokosekana. Ndipo uchunguzi wa data unapogeuka mchango.

Masharti ya matumizi hayafanani. Wikidata imeachia data zake bila sharti, ilhali OpenStreetMap inataka itajwe kila inapotumiwa. Kutaja ni vyema kwa zote mbili.

Chini ya ramani ya vituo vya maji, basi, huandikwa mistari michache kwa herufi zinazosomeka, si za kubana kama mkataba wa mkopo: "Ramani inaonyesha vituo 57,588 kati ya 59,400 vilivyomo katika data za Taarifa na Wizara ya Maji ya Tanzania. Vituo 1,812 vya Shinyanga na Mwanza havikuchorwa kwa kukosa vipimo vya mahali. Hali iliyoonyeshwa karibu yote ni ya 2011 hadi 2013. Mikoa ni ile ya kabla ya mabadiliko ya 2012. Anayejua kituo kilichokosewa atoe taarifa ofisi ya kata."